Mbuzi wameibwa: usimsubiri askari apite

Ndugu, umeeleza kwamba mbuzi wako wawili waliibwa usiku, na mtendaji wa kijiji amekushauri umsubiri polisi kata apite kijijini. Nakushauri usisubiri, kwa sababu askari huyo aghalabu huhudumia vijiji kadhaa, na nyayo zilizobaki kwenye tope la zizi hazitavumilia mvua. Zifunike kwa beseni, kisha uende kituoni ukaeleze rangi za mbuzi, alama za masikioni na saa uliyogundua wizi. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, ambayo hutolewa bure, kwani pasipo hiyo ufuatiliaji hugeuka maneno ya kijiweni. Jirani unayemshuku mtaje kwa askari pekee, wala usiwatume sungusungu wakamkamate.