Msimu wa Sabres Haukupotelea Desemba

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetutaka wasomaji tutaje msimu mmoja wa timu tunayoishabikia ambao tunauhesabu kuwa umepotea, na tueleze ni nani aliyeupoteza. Najua wengi watawaandikia kuhusu kandanda. Mimi ni shabiki wa hoki ya barafuni, na timu yangu ni Buffalo Sabres ya jimbo la New York, ambayo ilimaliza msimu wa 2024/25, Aprili 2025, ikiwa nje ya hatua ya mtoano kwa mwaka wa 14 mfululizo. Katika historia yote ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, hakuna klabu nyingine iliyowahi kukaa nje muda mrefu hivyo. Nilihamia Buffalo kutoka Kigoma mwaka 2012, mwaka mmoja tu baada ya Sabres kucheza mtoano kwa mara ya mwisho, kwa hiyo kufikia mwisho wa msimu huo sikuwa nimeiona hata mara moja timu hii niipendayo ikicheza mechi ya hatua hiyo.

Ukimuuliza shabiki yeyote hapa mjini msimu ulipotea lini, atakujibu kwamba ulipotea Desemba. Kuanzia tarehe 27 Novemba hadi tarehe 21 Desemba timu ilicheza mechi 13 bila kushinda hata moja: ilifungwa 10 ndani ya muda wa kawaida, na 3 ilizipoteza baada ya muda huo kwisha, ikaambulia alama 3 tu kati ya 26. Mechi dhidi ya Colorado, tarehe 3 Desemba, niliitazama pamoja na mwanangu. Tulikuwa tunaongoza kwa mabao 4 kwa bila, na mtoto alikwisha kuniomba ruhusa ya kwenda kulala kwa sababu aliona kazi imekwisha, lakini hadi filimbi ya mwisho tulikuwa tumefungwa 5 kwa 4. Baadaye mmiliki wa klabu, Terry Pegula, alisafiri hadi Montreal kuzungumza na wachezaji ana kwa ana, na timu ikafungwa huko 6 kwa 1.

Nimekaa na hesabu za msimu huu kwa muda mrefu, nami nakiri kwamba zinashawishi. Ukiziweka kando mechi hizo 13, zinabaki 69, na katika hizo Sabres walishinda 36 na kupata alama 76. Kwa mwendo huo, mechi zote 82 zingewapa alama zipatazo 90. Walimaliza na 79. Montreal, timu ya mwisho kufuzu katika kanda yetu ya mashariki, ilikuwa na 91. Kwa hiyo kuna watu wanaojiliwaza kwamba tulikaribia sana, na kwamba pasingekuwa na wiki zile mbaya tungefika mlangoni.

Sikubaliani nao, kwa sababu kila timu hupatwa na wiki mbaya, na kinachozizuia zisigeuke kuwa mwezi mzima ni wachezaji wakomavu waliokwisha kupita katika tabu kama hiyo na kutoka. Timu yetu ilikuwa miongoni mwa zenye wachezaji wachanga zaidi katika ligi nzima. Kocha Lindy Ruff, ambaye ndiye aliyekuwa kocha mwaka ule wa 2011, alirudishwa mwaka 2024 baada ya makocha 6 kupita katikati, lakini kocha haingii barafuni. Wale ambao wangepaswa kuwa wakubwa wa kikosi hiki wako kwingine, nao wako huko kwa sababu klabu iliachana nao.

Ryan O'Reilly alipelekwa St. Louis mwaka 2018, na mwaka uliofuata alitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Sam Reinhart na Jack Eichel, ambao Buffalo iliwachagua wakiwa chipukizi, kila mmoja akiwa wa pili katika uteuzi wa chipukizi ambao ligi hufanya kila mwaka, 2014 na 2015, waliondoka wote wawili mwaka 2021. Mwaka 2023 Sabres walikosa mtoano kwa alama moja tu, nao waliotutangulia kwa alama hiyo moja walikuwa Florida, timu ya Reinhart, iliyoendelea hadi fainali na kukutana na Vegas, timu ya Eichel. Niliitazama fainali ile kwa uchungu ambao hata kichapo cha Colorado hakikunipa. Eichel alilibeba kombe, na mwaka mmoja baadaye Reinhart alifunga bao la ushindi katika mechi ya 7 ya fainali na kulibeba yeye.

Desemba hiyo hiyo ya 2024, aliyekuwa meneja mkuu, Kevyn Adams, alieleza kwamba ni vigumu kuwavuta wachezaji waje Buffalo kwa kuwa hapa hakuna michikichi na kodi za New York ni kubwa. Kauli hiyo iliwaudhi watu wengi, na wapo waliokuja uwanjani wamebeba michikichi ya bandia. Mimi nimetoka mahali penye michikichi ya kweli. Winnipeg haina mchikichi hata mmoja na baridi yake inaishinda ya kwetu, lakini ndiyo iliyoongoza ligi nzima msimu huu kwa alama 116. Na kama ni kuzungumzia mchikichi, kila mkulima wa Kigoma anajua kwamba humlisha yule aliyeuvumilia miaka ile ya kwanza isiyo na mavuno, na kwamba anayeung'oa kila unapokaribia kuzaa ataendelea kununua mawese sokoni.

Sasa jambo hilo limeanza tena. Machi 2025 Dylan Cozens, aliyechaguliwa na Buffalo mwaka 2019, alipelekwa Ottawa kwa kubadilishana na Josh Norris, na mwezi uliofuata Cozens alikuwa akicheza mtoano. Huenda Norris atatufaa, nami namtakia afya njema. Lakini ninayemwazia zaidi ni nahodha wetu, Rasmus Dahlin, aliyekuwa chaguo la kwanza la ligi nzima mwaka 2018, ambaye kufikia Aprili 2025 alikuwa amekwisha kucheza misimu 7 hapa bila kuonja mtoano na bado alikubali mkataba unaomfikisha mwaka 2032. Jibu langu kwa swali lenu, Mhariri, ni kwamba msimu huu ulipotezwa na uongozi, miaka kadhaa kabla haujaanza, na ombi langu kwa uongozi huo ni kwamba Dahlin atafutiwe wenzake wa kukomaa naye, na wakipatikana waachwe wakae.