Maswali na Majibu: Mahali pa Kumpandishia Abiria Pachaguliwe Vipi?

SWALI: Asalaam aleikum, Bwana Mhandisi. Mimi ni mtayarishaji wa programu, ninaishi Tudor, Mombasa. Kikundi cha madereva wa teksi na tuktuk kimenipa kazi ya kuwatengenezea programu ya simu ya kuitia usafiri. Katika majaribio, abiria akiwa Mji wa Kale pini, yaani alama ya mahali pa kupandia kwenye ramani, huangukia uchochoro usiopitika kwa gari; akiwa kivukoni Likoni, upande wa kisiwani, mfumo humpangia dereva aliyeko ng'ambo; na safari nyingi huanza kwa dereva kupiga simu kuuliza abiria yuko wapi hasa. Kanuni niliyoitumia ni kuchagua sehemu ya barabara iliyo karibu zaidi na abiria. Nirekebishe nini?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako lina uzito, kwa sababu safari huanza kuharibika au kufaulu hapo pa kupandia, na mafuta yanayoungua wakati dereva anamzungukia abiria asiyeonekana hayalipwi na mtu. Kosa halimo katika hesabu yako bali katika kigezo chenyewe cha ukaribu. Usitafute sehemu ya barabara iliyo karibu na abiria. Tafuta sehemu ambayo abiria na dereva watakutana mapema zaidi, kila mmoja akifuata njia anayoweza kuipita kweli, kisha sehemu hizo uzipate kutokana na mahali ambapo watu wamekuwa wakikutana.

Tuanze na Likoni, kwa kuwa hapo ndipo kosa linapoonekana wazi. Kutoka kisiwani hadi ng'ambo ni mkondo wa mita mia chache tu, na mstari ulionyooka hauijui bahari. Dereva aliye Likoni huonekana yuko karibu kuliko dereva aliye Kizingo au Ganjoni, ilhali akikubali safari itambidi apange foleni ya magari kivukoni, alipe nauli ya gari na angoje zamu ya feri, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu mwendo wa makumi ya kilomita. Abiria anayetembea kwa miguu huvuka bure, kwa hiyo kwa anayetoka kisiwani kwenda Diani mara nyingi ni nafuu zaidi kuvuka mwenyewe na kupanda gari upande wa pili. Programu nzuri inapaswa kumpa chaguo hilo waziwazi badala ya kumtafutia gari la kuvuka naye. Hali kama hiyo iko kati ya Mji wa Kale na English Point: mkono wa bahari ni mwembamba, lakini gari lazima lizunguke kwa Daraja la Nyali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha kabisa kupima umbali wa mstari na kupima muda wa njia, kwa kutumia ramani ya barabara iliyounganishwa kama mtandao. Kivuko kiwekwe humo kama kiungo chenye muda wake wa kungoja, tena muda ubadilike kwa saa za siku, maana foleni ya asubuhi si ya usiku wa manane.

Mtandao huo usiwe mmoja. Tengeneza wa gari, wa tuktuk, wa bodaboda ikiwa kikundi chako kinazo, na wa mtembea kwa miguu. Katika Mji wa Kale tuktuk hufika mahali ambapo teksi haiwezi hata kugeuza, na mtembeaji hupita mahali ambapo tuktuk haifiki. Ramani huria ya OpenStreetMap ina nafasi ya kuandika aina ya njia, mwelekeo mmoja, mageti na vizuizi, lakini usichukulie kwamba kila kitu kimeshaandikwa. Nenda na madereva wawili watatu mkaitembee mitaa mnayoihudumia zaidi, mkarekodi mageti yanayofungwa usiku, kuta zinazotenganisha barabara na nyumba, na vichochoro vinavyotokeza upande wa pili. Kazi hii haina fahari yoyote, lakini hakuna kanuni ya kompyuta inayoweza kuifidia. Ukuta usiomo kwenye ramani utaendelea kukudanganya kila siku.

Sasa tuje kwenye upande wa barabara, jambo ambalo watengenezaji wengi hulipuuza. Kenya tunaendesha kushoto, hivyo abiria anafaa kusimama upande wa kushoto wa mwelekeo wa gari, na mwelekeo huo uwe ule unaomfikisha aendako bila kugeuza. Katika barabara ya Malindi baada ya Daraja la Nyali, au ile ya Nairobi kati ya Changamwe na Jomvu, kuna njia mbili zilizotengwa katikati. Pini ikiangukia njia ya upande wa pili, dereva atalazimika kwenda mbali kutafuta mahali pa kugeuzia, au abiria atajaribu kuvuka mbio kati ya malori. Hilo la pili halikubaliki hata kama linaokoa dakika kumi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kipande cha barabara kinachoanzia (x1, y1) na kuishia (x2, y2) kwa mwelekeo wa magari, na abiria akiwa (xp, yp), kisha kokotoa (x2−x1)(yp−y1) − (y2−y1)(xp−x1). Jibu likiwa chanya, na x ikielekea mashariki na y kaskazini, abiria yuko kushoto; likiwa hasi, yuko kulia. Kwa Mombasa, iliyo nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, sehemu 0.00001 ya nyuzi ni karibu mita 1.1 kwa latitudo na kwa longitudo pia, kwa hiyo unaweza kuichukulia ardhi kuwa bapa katika hesabu hii bila madhara.

Kuhusu pini yenyewe, kubali mapema kwamba inakosea. Simu ya kawaida chini ya anga iliyo wazi hukadiria mahali ilipo kwa usahihi wa takriban mita 4.9, kwa maelezo ya serikali ya Marekani inayouendesha mfumo wa satelaiti wa GPS, lakini katikati ya kuta ndefu na barabara nyembamba mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, na ndani ya jengo hali huwa mbaya zaidi. Simu za Android hutoa pamoja na kila kipimo nusu kipenyo cha duara la makosa, ambalo kwa uwezekano wa asilimia 68 mahali pa kweli pamo ndani yake. Kisome nusu kipenyo hicho kila mara. Mimi ningeweka kikomo cha mita 30: kikizidi hapo, programu isiweke pini yenyewe bali imwonyeshe abiria majina ya sehemu tatu nne za karibu ili achague.

Baada ya kuzipata sehemu zinazowezekana, unazipima vipi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo ninapotaka utulie. Wengi hujumlisha muda wa abiria kutembea na muda wa dereva kufika, lakini mambo hayo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Wakati wa kukutana ni ule wa anayechelewa kati yao. Tuseme abiria yuko ndani ya Mji wa Kale na teksi iko barabara ya Nkrumah. Ikijipenyeza hadi karibu na mlango wake itachukua dakika 7, ilhali ikisimama karibu na Fort Jesus itafika kwa dakika 4, na abiria anaweza kuzitembea mita 240 kwa dakika 3, tukichukua mwendo wa mita 80 kwa dakika. Kwa kukutana Fort Jesus safari inaanza dakika 3 mapema, na dereva hahitaji kurudi kinyumenyume kutoka kwenye uchochoro. Lakini dakika ya kutembea si sawa na dakika ya kuketi ndani ya gari. Wapangaji wa usafiri kwa kawaida huhesabu dakika moja ya kutembea au kungoja kuwa na uzito wa takriban dakika mbili za safarini. Kwa hiyo tafuta muda wa kukutana, uongeze adhabu ya kutembea, yaani dakika za ziada kwa uzito huo wa kutembea, kisha ongeza muda ambao gari litapoteza kutoka hapo hadi kwenye njia kuu. Sehemu yenye jumla ndogo ndiyo ya kupendekezwa.

Adhabu ya kutembea isiwe namba moja kwa wote. Bi mkubwa mwenye mfuko wa sokoni saa saba mchana si kijana mwenye mkoba mgongoni saa kumi na mbili asubuhi, na mvua za masika zikinyesha hakuna anayetaka kutembea mita 200. Weka kitufe cha "nina mzigo au siwezi kutembea" na mtu akikibonyeza gari limfuate hadi linapoweza kufika. Usiku, punguza umbali wa kutembea na utangulize sehemu zenye taa na watu. Kwa mwanamke anayetoka kazini usiku, dakika mbili zilizookolewa hazina thamani kama uchochoro wenyewe una giza.

Sehemu zenyewe uzitoe wapi? Sehemu za mwanzo mtaziweka kwa mkono pamoja na madereva, kwani wao wanajua mahali askari wa kaunti hawawasumbui na mahali ambapo gari linaweza kusimama bila kuziba matatu. Epuka vituo vya matatu, milango ya hospitali, na mazingira ya misikiti wakati wa swala ya Ijumaa. Baadaye zitoke kwenye kumbukumbu za safari. Usitegemee mahali dereva alipobonyeza "anza safari", maana wengine hubonyeza mapema na wengine wakishafika mbele. Ufuate mwenendo wa gari: tafuta mahali pa mwisho liliposimama kwa sekunde kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja kuelekea liendako, na hapo ndipo abiria alipopanda. Kusanya vituo hivyo kwa kanuni ya DBSCAN, inayoweka nukta zilizo karibu karibu katika fungu moja, ambayo haikulazimishi kutaja mapema idadi ya mafungu na huweka pembeni nukta zilizotawanyika ovyo. Nusu kipenyo cha kutafutia nukta jirani cha mita 15 hadi 20 kinafaa kuanzia, lakini tenga nukta kwa upande wa barabara kwanza kabla ya kuzikusanya, la sivyo kanuni itaunganisha pande mbili na kitovu cha fungu kitaangukia katikati ya lami.

Usikusanye saa zote pamoja. Marikiti ya asubuhi, wakati mizigo inashushwa, ni tofauti na Marikiti ya alasiri, na mwezi wa Ramadhani hubadilisha mji mzima: kabla ya futari kila mtu anakimbilia nyumbani, na baada ya tarawehe watu hutoka tena kwa wingi. Fungu lililotokana na miezi mingine litakupoteza katika mwezi huo.

Kuna jambo la kisheria pia. Mahali mtu anapopandia kila asubuhi huonyesha anakoishi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde taarifa za namna hiyo. Usilifanye fungu lolote kuwa kituo cha wote mpaka liwe limetumiwa na abiria tofauti wasiopungua, tuseme, kumi. Safari mia za mtu mmoja zinaonyesha mlango wa nyumba yake tu, na mlango huo haupaswi kuonekana kwenye simu ya mtu mwingine.

Kila kituo kipe jina ambalo dereva na abiria wote wanalitamka, pamoja na upande: "Mwembe Tayari, mbele ya duka la dawa, upande wa kwenda Makupa" linamaliza simu ambayo "Jomo Kenyatta Avenue" pekee lingeizalisha. Duka likifungwa au likibadilisha jina, dereva awe na njia rahisi ya kuripoti.

Stesheni ya treni ya Miritini ishughulikie kwa utaratibu wake. Treni moja kutoka Nairobi hushusha mamia ya abiria kwa pamoja, na kumpa kila mmoja pini yake ni kuwafanya watafutane katika umati. Hapo panga foleni ya magari katika eneo lililoruhusiwa na wasimamizi, mpe kila abiria namba ya gari na namba ya nafasi, na gari la mbele lichukue abiria wa mbele.

Mwisho, namna ya kujua kama umefaulu. Usipime kwa umbali kati ya pini na kituo. Kwa kila kituo, pima sehemu ya safari ambazo dereva alilazimika kupiga simu kabla ya abiria kupanda, muda ambao gari lilisimama likingoja, na safari zilizofutwa baada ya dereva kukaribia. Anza na eneo moja, ningesema Mji wa Kale pamoja na Marikiti kwa sababu hapo kila tatizo ulilolitaja lipo isipokuwa feri. Linganisha wiki zenye kanuni ya zamani na wiki zenye kanuni mpya kwa siku zinazofanana, na kituo kitakachoendelea kuzalisha simu nyingi kitembeleeni kwa miguu kabla ya kugusa kanuni, maana mara nyingi utakuta geti, kibanda au shimo ambalo ramani yako bado haina.