Kabureta husingiziwa mengi

Shikamoo fundi. Corolla KE70 yangu asubuhi inawaka mara moja. Nikiizima dukani robo saa, nikirudi starta inazunguka tu, haiwaki mpaka ipoe. (Morogoro)

Marahaba. Ukizima injini, feni na pampu ya maji husimama, lakini joto la manifoldi (mabomba ya hewa na moshi yaliyofungwa kwenye injini) linaendelea kupanda hadi kwenye kabureta, na petroli iliyo kwenye bakuli inachemka. Hapo mambo huenda njia mbili, na dawa zake zinapingana. Kwa hiyo usikimbilie kupampu.

Fungua chujio la hewa, chungulia kooni mwa kabureta (kwa tochi, na sigara ikae mbali), kisha vuta waya wa eksileta mara moja. Petroli ikiruka, bakuli lina mafuta. Na kama harufu ni kali na plagi zimelowa, injini imemeza kupita kiasi: kanyaga eksileta mpaka chini, ishikilie hapohapo, piga starta. Isiporuka hata tone, bakuli limekauka. Piga starta kwa vipindi vifupi mpaka pampu ijaze.

Kisha tafuta chanzo. Mara nyingi nakuta kile kipande kinene cheusi cha kati ya kabureta na manifoldi kimetupwa, ikabaki gasketi ya karatasi. Kipande hicho ndicho kinga ya joto. Angalia pia kama bomba la petroli limesogelea ekzosi, au kama sindano ya floti (inayozuia petroli bakuli likijaa) inavuja.

Mafuta yakiwa sawa, pima cheche injini ikiwa bado ya moto. Koili na kondensa zilizochoka hufa zikipata moto na kufufuka zikipoa, na lawama zote zinaishia kwa kabureta.

Pikapu yangu ya Datsun 1200 nikiachia mafuta inazima, nikikanyaga inakwenda vizuri. (Tanga)

Njia ya petroli ya sailensa (siyo ya ekzosi; ni mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) imeziba. Kama kabureta yako ina solenoidi (kivalvu cha umeme kinachofunga njia hiyo ukizima swichi) yenye waya mmoja, fungua swichi bila kuwasha injini, uchomoe waya na kuurudisha. Usiposikia “tik”, pima kama umeme wa volti 12 unafika. Ikilia, toa jeti ya sailensa (kipande chenye tundu dogo la kupimia petroli) uipulize kwa kompresa. Usiichokonoe kwa waya: tundu likishatanuka, nunua nyingine.

Beetle 1600, kabureta 34 PICT-3. Sailensa inapanda na kushuka. Fundi amekaza skrubu ya mkono wa throto (kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta), wapi! (Nairobi)

Skrubu hiyo hairekebishi sailensa. Irudishe mpaka iguse tu ngazi ya chini ya choki, injini ikiwa ya moto, uongeze robo mzunguko. Skrubu ndogo ya pembeni ifunge taratibu hadi mwisho, ifungue mizunguko miwili na nusu, halafu tumia ile kubwa kuleta mizunguko kama 850 kwa dakika.

Bado inacheza? Kama injini yako ni ya milango miwili ya hewa, kagua mipira inayounganisha manifoldi. Ikipasuka huvuta hewa ya wizi. Nyunyizia maji kidogo hapo injini ikiunguruma. Mlio ukibadilika, umeshaipata.

Nazima swichi, injini inaendelea kutikisika. (Mombasa)

Shusha sailensa kwanza, halafu kagua solenoidi. Kwa sasa, weka gia ya juu, kaza breki, achia klachi polepole, itazima.