Maswali yenu: Sumu kali kuliko zote ni ipi? Na maziwa yanasaidia?

SWALI: Habari za kazi. Hapa ofisini tumebishana mpaka basi, mwenzangu anasema sumu kali kuliko zote duniani ni sianidi, mi nasema ya nyoka. Tuamulieni. Halafu, ni kweli mtu akinywa sumu anapewa maziwa?
– Mbishi

JIBU: Mbishi, wote mmekosa, hahaa. Tukipima kwa kiasi kidogo kinachotosha kuua, inayoongoza ni botulinamu, na hata yule nyoka taipan wa Australia hafiki hapo. Inatengenezwa na bakteria anayependa sehemu isiyo na hewa, mfano chakula kilichosindikwa vibaya kwenye chupa au kopo. Inazuia mishipa ya fahamu isipeleke ujumbe kwenye misuli, kwahiyo kope zinalegea, unaona vitu viwili viwili, kumeza kunakuwa shida, mwisho misuli ya kupumua inagoma na muda wote huo akili iko timamu kabisa. Na ndo hiyohiyo watu wanachomwa usoni kuondoa makunyanzi, kwa dozi ndogo mno!

Sianidi jina lake limekua kwa sababu ya spidi. Oksijeni inafika kwenye damu vizuri tu ila seli zinashindwa kuitumia, na ubongo na moyo ndo vya kwanza kuumia. Kaboni monoksidi, ile ya jiko la mkaa au jenereta ndani ya chumba kilichofungwa, yenyewe inaing'ang'ania himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya, haina harufu haina rangi, mtu kichwa kinamgonga anadhani ni uchovu anarudi kulala palepale.

Lakini mi zinazonitisha sio za haraka, ni zile zinazokuacha unadunda kama kawaida. Agosti 1996 mwanakemia wa Marekani, Karen Wetterhahn, alidondokewa na matone machache ya dimethaili zebaki, kemikali yenye zebaki ndani yake, juu ya glavu. Glavu alivaa, na aina ile ndo iliyokuwa ikionekana inatosha, kumbe ile kitu inapenya mpira wa glavu kwa sekunde tu. Miezi ikapita yuko kazini, baadae akaanza kuyumba akitembea, maneno yakawa hayatoki sawasawa, kuona na kusikia vikapungua, na Juni 1997 akafariki. Sasa usiseme hayo ni ya maabara, maana paracetamol tuliyonayo wote kabatini ikizidi sana inafanya mchezo unaofanana, siku ya kwanza mtu anatapika kidogo au hana kitu kabisa, ini linakuja kufeli siku ya pili au ya tatu. Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, ila inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, kwahiyo "ngoja tuone akiamka kesho" ni kumpotezea nafasi.

Maziwa? Hapana jamani. Maziwa hayaui sumu, yanachofanya ni kuwapa ndugu moyo kwamba wamefanya kitu wakati muda unaenda. Na kumtapisha kwa kidole au maji ya chumvi ni kubaya zaidi, asidi inaunguza koo ikishuka na inaunguza tena ikipanda, mafuta ya taa ndo kabisa yanaingia mapafuni. Msimpe chochote mpaka mtu wa afya aseme. Kama imemwagikia ngozi mvueni nguo, mwageni maji mengi, ila anayesaidia naye ajikinge mikono.

Pigeni simu ya dharura au kimbieni hospitali, na mbebe chupa au paketi yenyewe hata kama imebaki tupu. Mgonjwa akifika mate yanamtoka, machozi, jasho, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, daktari atahisi ni dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti na atafikiria kumpa dawa ya atropini, lakini lebo inamwambia palepale.