Kabla hujapanda ngazi, angalia inasimama wapi

Mafundi wengi wakipewa ngazi huangalia juu: inafika au haifiki? Mimi nimepaka rangi nyumba kuanzia Uyole hadi Tukuyu, huku Mbeya, na siku hizi naanza chini. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni laini, na mvua za Novemba zikishakolea unakuwa kama uji. Ukiukanyaga kwa buti unauona mgumu. Ukifika kidato cha tano au cha sita, uzito wako wote umeshukia kwenye miguu miwili myembamba, na mmoja unaanza kuzama kuliko mwenzake. Ngazi haianguki ghafla. Inateleza ubavu taratibu, kichwa chake kinakwangua ukuta, na wewe mkono mmoja una brashi, mwingine una kopo. Kijana mmoja nilimshuhudia Tukuyu akienda chini namna hiyo. Alikuwa usawa wa linta tu (zege linalopita juu ya milango na madirisha), na mkono ulivunjika.

Dawa yake ni rahisi. Tafuta ubao mpana, inchi mbili kwa nane au mbili kwa kumi. Mbao ya paina ya Mafinga inatosha kabisa. Uwe ubao mmoja chini ya miguu yote miwili, maana ukiweka vipande viwili kila kimoja kitazama kivyake. Nyuma ya miguu pigilia kipande cha papi (mbao nyembamba) ili ngazi isiteleze kurudi nyuma. Na kwenye mteremko (huku kwetu nani amepata kiwanja tambarare?) usisukumie tofali chini ya mguu wa upande wa bondeni. Chimba upande wa mlimani mpaka miguu ikae sawa. Jembe halikosekani saiti.

Kuhusu mwinamo, kila mita 4 za kimo hadi pale ngazi inapoegemea zinataka mita 1 kutoka ukutani hadi miguuni. Huna futi? Simama vidole vya miguu yako viguse miguu ya ngazi, nyosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikigusa kidato bila kuinama wala kujivuta nyuma, panda. Kama unakwenda kwenye bati, ngazi ipite ukingo wa paa kwa mita 1 hivi upate pa kushika, kisha ifunge kamba juu. Mpaka kamba ifungwe, saidia fundi ashike chini kwa mikono miwili, simu ikae mfukoni.

Sasa hizi ngazi za mirunda (miti ya kujengea) tunazogonga wenyewe. Sizikatai, ila nyingi zimegongwa vibaya. Kidato kikipigiliwa tu juu ya mrunda, mwili wako mzima unaning'inia kwenye misumari, na mti uliokatwa mbichi ukikauka hunywea, msumari unabaki unacheza kwenye tundu. Chonga kikao kidogo kwenye mrunda, kidato kiingie ndani, halafu ndipo upigilie. Kila asubuhi tikisa kidato kimoja kimoja kwa mkono kabla ya kukikanyaga. Wala usiipake ngazi ya mti rangi hata ukibakiwa na rangi kiasi gani. Rangi inafunika nyufa, na ufa ndio unaoutafuta.

Ya aluminiamu ni nyepesi, naipenda. Lakini siipeleki upande wa nyumba unaoingilia waya wa TANESCO. Wengi hukumbuka waya wakati wa kupanda na kuusahau wakati wa kuhama: mtu anaibeba ngazi imesimama wima, macho kayaelekeza chini asikanyage saruji mbichi, na ncha inakwenda kugusa waya. Ukihama, ilaze.

Viatu: futa tope kwenye gunia kabla ya kidato cha kwanza, na ndala ziache getini. Njombe na Makete mwezi Juni na Julai, umande ukiwa umeganda kwenye vidato, kunywa chai kwanza mpaka jua liipige ngazi.

Ukiwa juu, kitovu kisitoke nje ya miti miwili ya ngazi. Sehemu usiyoifikia, shuka uihamishe. Inachosha, najua, ndiyo maana kuskimu ukuta mzima (kuupiga lipu nyembamba ya kulainisha) au kupaka kipembe cha paa siifanyi kwa ngazi. Hiyo ni kazi ya jukwaa. Bosi atakuambia fundi aliyepita alitumia ngazi tu. Usibishane naye saiti. Andika mirunda, mbao za kukanyagia na misumari kwenye makadirio tangu siku ya kwanza, kabla hamjapatana pesa ya ufundi. Na kama kazi ni ya mkandarasi aliyesajiliwa, muulize mapema kama mchango wa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unalipwa. Huo hutolewa na mwajiri. Akikuambia anaukata kwenye posho yako, mkatalie.