Samaki wanne na nyuzi nane

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama Electroplankton ya Nintendo DS, kile kifaa cha gemu cha mkononi, ni gemu au ni ala ya muziki, mkaongeza kwamba wahakiki waliilaumu kwa kukosa pointi, kukosa mwisho, na kutohifadhi chochote. Hilo la gemu au ala nitaliruka, mniwie radhi. Linaloniwasha ni la kuhifadhi.

Kwanza, wahakiki walikosea pakubwa. Toshio Iwai aliyeibuni ni msanii wa maonyesho: kazi zake hukaa ukumbini, mtu akaingia, akagusa, sauti ikatoka, akaenda zake. Katriji hii ilipotoka Japani mwaka 2005 na kufika Marekani Januari 2006, iliangukia mikononi mwa watu waliozoea kumaliza gemu. Ndani mna aina 10 za plankton, viumbe wa kuchezea wanaotoa sauti, kila aina na tabia yake, basi. Kudai pointi hapo ni sawa na kumuuliza jathum, mpigaji wa nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya Wajaluo, nyatiti yake imefunga mabao mangapi. Na nyatiti nayo haihifadhi wimbo. Ukitaka kuusikia tena, unapigwa tena.

Hapo ndipo jioni moja ya Kisumu inaponijia, kwenye chumba cha mazoezi upande wa Kondele. Jathum aliketi na nyatiti, mbele yake DS Lite imefunguliwa Rec-Rec, wale samaki wanne ambao kila mmoja hunasa sauti kupitia maiki na kuirudia kila anapopita. Kifaa kiliwekwa sakafuni. Kosa la kwanza. Maiki ya DS Lite iko kwenye bawaba, katikati ya skrini mbili, na pale chini ilikuwa karibu na mguu kuliko nyuzi: samaki wa kwanza alinasa oduong'o, ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, ikigonga mti wa nyatiti, na njuga za gara juu yake, uzi hata mmoja hausikiki. Kikapandishwa kwenye stuli, kama urefu wa mkono kutoka kwenye ngozi ya nyatiti. Nyuzi zikaingia safi.

Kosa la pili: spika za kifaa ziliachwa wazi. Samaki wa pili akanasa nyatiti pamoja na samaki wa kwanza, wa tatu akanasa wote wawili, ikawa uji. Dawa ni hedifoni, kwa kuwa jeki ikiingia spika zinanyamaza. Kisha mtu akataka wote wasikie, akatoa waya wa stereo wenye jeki kubwa upande wa pili na kuuchomeka kwenye tundu moja la mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Tundu hilo ni la mono la balanzi, halisomi kushoto na kulia. Linaondoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, kama hesabu ya kutoa. Kila sauti iliyo sawa pande zote mbili inajifuta. Kilichobaki kilikuwa chembamba kama redio iliyo mbali na mtambo, na watu wakaanza kusema gemu ni dhaifu. Gemu haikuwa na kosa! Kinachotakiwa ni waya unaogawanyika: jeki ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja, jeki mbili kubwa za mono upande wa pili, kila moja na tundu lake. Na chaja ing'olewe, ukisikia mvumo. Betri inatosha.

Ulipopatikana waya huo, mambo yakanoga. Samaki wanne, nyatiti juu yao, mwendo umepunguzwa hadi zamu ya jathum ikaenea bila kukatwa mkia. Ndipo kijana mmoja akarudi kwenye orodha kumwonyesha mwenzake Beatnes, wale wenye milio ya Nintendo ya zamani. Aliporudi Rec-Rec, samaki walikuwa watupu.

Jathum hakulalamika. Alianza upya papo hapo, nyuzi zake nane zikiwa bado zimekazwa vilevile.

Naandika hili na naona utetezi wangu unavuja. Nyatiti haihifadhi wimbo, lakini inashika mkazo wa nyuzi. Electroplankton haishiki hata huo. Kwenye Luminaria unageuza vishale kimoja kimoja hadi plankton wanne wenye kasi tofauti wapishane unavyotaka. Ukitoka, vyote vimerudi vilivyokuwa. Kinachopotea si wimbo tu, ni ala yenyewe uliyoitega. Tena Iwai huyohuyo, akiwa na Yamaha, alitoa ala ya kielektroniki ya Tenori-on mwaka 2007, vitufe 256 vya taa, na pembeni ikawekwa nafasi ya kadi ya SD ya kuhifadhia. Basi wahakiki kwa hilo walikuwa sahihi, ingawa walilitupa kapu moja na malalamiko ya pointi.

Je, inunuliwe? Ndiyo, ikiwa bei ni ya mtumba na mnunuzi anataka kusikiliza zaidi ya kutunga. Mzazi anayetafuta kitu cha mtoto kurekodia nyimbo aache. Simu yoyote yenye programu ya kurekodi inamtosha. Katriji ya Japani isikutishe, DS haibagui nchi. Kwa Hanenbow, wale wanaodunda juu ya majani, na Luminaria, piga picha skrini kwa simu kabla ya kurudi kwenye orodha, kisha siku nyingine upange majani na vishale kwa kufuata picha. Kwa Rec-Rec hakuna njia ila waya na kinasa sauti, na kinasa kiwashwe kabla ya samaki wa kwanza.

Msomaji, Kisumu