Kabla ya kuchimba changarawe ranchini, amua udongo wa juu utakaa wapi

Msomaji ameuliza kama shimo lake la changarawe linaweza kurudi kuwa malisho. Kuta zimebaki wima, sakafu imeshindiliwa na malori, na udongo wa juu ulisukumwa pembeni ukachanganyika na mawe. Linaweza kurudi, lakini kwa gharama ambayo mwenye ranchi hakuwa na haja ya kuilipa. Shimo hufukiwa siku ya kwanza ya kuchimba, si siku ya mwisho. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi wanaoniandikia huanza kufikiria nyasi changarawe ikishaisha.

Kibali, mipaka na mabomba yaliyofukiwa vishughulikiwe kabla mashine haijafika. Kisha chimba mashimo ya majaribio kila mita 20 hadi 25, na katika kila moja andika unene wa udongo wa juu, wa udongo wa chini na wa changarawe, pamoja na kina ambapo maji yanatokea. Sakafu ya mwisho ibaki angalau mita moja juu ya kiwango cha maji cha msimu wa mvua. Ukipima kiangazi tu, utajichimbia dimbwi. Tikisa pia changarawe ndani ya chupa ya maji uone matope yanayotuama. Ya barabarani inahitaji udongo wa mfinyanzi kidogo wa kuishikamanisha. Iliyo safi kabisa hutawanyika chini ya magurudumu na inafaa zaidi kwa mitaro ya kupitishia maji.

Sasa udongo wa juu. Utoe peke yake, ukiwa mkavu, kwa unene ule ule ulioupima. Mwendesha tingatinga akizidisha sentimita 10 tu katika udongo wa sentimita 20, theluthi ya rundo lako ni udongo wa chini, na mbegu zitalijua hilo. Udongo wa chini nao upate rundo lake. Shimo la mita 40 kwa 50 lenye udongo wa juu wa sentimita 20 linatoa mita za ujazo 400 ukiwa bado ardhini, na ukichimbuliwa unavimba. Rundo lisizidi mita mbili kwenda juu, kwa hiyo litahitaji eneo la karibu mita za mraba 350. Likirundikwa juu zaidi, sehemu ya ndani hukosa hewa, na viumbe vinavyoupa udongo uhai hufa. Lipande nyasi mara moja, lizungushie uzio, na usilihamishe tena hadi siku ya kulirudisha.

Upande wa juu wa shimo chimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Sakafu iwe na mwinamo mdogo, asilimia moja au mbili, kuelekea kona moja ambako matope yatatuama. Ukuta unaochimbwa usizidi kimo ambacho ndoo ya mashine inakifikia, na kamwe usichimbe chini yake ukaacha kichwa kikining'inia. Changarawe haitoi onyo. Ikishalowa mvua huporomoka yote kwa pamoja. Ukingo wa juu uwe na uzio hata kama kazi ni ya wiki moja, maana ng'ombe hufuata majani mabichi hadi ukingoni kabisa.

Kusawazisha kuta ndiko kunakowashinda wengi, nako ni hesabu tu. Malisho yanataka mteremko usiozidi mita moja kushuka kwa kila mita tatu za kwenda mbele. Ukuta wa mita tatu utahitaji upana wa mita tisa. Ukikata nusu ya juu na kuimwaga chini, ukingo utarudi nyuma mita nne na nusu, na chini kifusi kitasogea ndani kiasi hicho hicho. Basi acha kuchimba angalau umbali huo kabla ya kufika kwenye uzio, barabara au mti unaoutaka. Aliyechimba hadi mpakani hana tena cha kukata, na atalazimika kununua kifusi.

Sakafu ipasuliwe kwa meno ya tingatinga hadi sentimita 50, kwa mistari inayokata mteremko, wakati ardhi ni kavu. Kwenye ardhi mbichi jino hukata mfereji tu na kuzilainisha kingo zake, wala mizizi haipiti. Tandaza udongo wa chini, kisha wa juu, na usiruhusu lori kurudi juu yake. Uso uachwe na vibonde na matuta madogo yanayoshika maji. Panda nyasi za asili za eneo lile mvua zinapokaribia. Ukizitupa kwa mkono, tumia mbegu maradufu ya zile za mashine ya kupandia, kisha zikandamize na kuzifunika kwa nyasi kavu zisizo na magugu.

Mifugo isiingie kwa misimu miwili ya ukuaji. Baada ya hapo vuta nyasi kwa mkono: zikikatika mizizi ikabaki ardhini, fungua uzio kwa siku chache, zikitoka na mizizi, subiri. Mawe ya chumvi na maji ya kunywa yawekwe mbali na mteremko mpya. Na kabla ya kufunga, toa rundo la changarawe la kutosha matengenezo ya barabara kwa miaka kadhaa, uliweke nje ya eneo lililopandwa, ili pasiwe na sababu ya kurudisha mashine mle ndani.